Linalia Lini

Kilomita laki tatu na themanini na saba elfu,
na hapo ni kabla mshale haujachoka kuhesabu.
Tangu Ramadhani, Pajero likifika themanini
kiti kinatetema, kioo kinatetema,
meno yangu yanagongana kama vikombe kwenye beseni.

Mnyaa wa Chuda akasema: matairi.
Nikanunua matairi.
Shekimweri wa Majani Mapana akasema: mauntingi za gia boksi.
Nikanunua mauntingi.
Wa tatu simtaji, ni shemeji.
Alilisikiliza dakika mbili huku anatafuna muhogo,
akasema: uza.

Kidawa ana gereji Duga,
nyuma ya ghala lililokuwa la mkonge;
ukutani bado zipo namba za marobota.
Hakufungua boneti. Aliuliza,
"Linalia lini?"
Nikamwambia, kila siku.
"Hapana. Lini? Ukikanyaga au ukiachia?
Likiwa la baridi au la moto?
Ukiweka rivasi linagonga mara moja, au linarudia?"
Nikawa kama mume anayeulizwa mkewe anaumwa wapi,
naye anajua tu kwamba anaumwa.

Tukatoka naye barabara ya Horohoro.
Sitini, kimya. Sabini, mnong'ono.
Themanini, dashibodi ikaanza kusali kwa sauti.
"Weka nyutro."
Injini ikashuka pumzi. Mtetemo haukushuka.
"Basi injini muache," akasema. "Mwenye kosa
ni yule ambaye bado anazunguka."

Mawe nyuma ya matairi, stendi mbili, kipande cha boksi,
akaingia chini mpaka zikabaki ndara zake.
Alishika propela shafti kwa mikono miwili,
akaipinda huku, akaipinda kule,
kama anakamua shuka.
Tak.
"Njoo uone."
Nikalala chini na shati langu la Ijumaa.
Kwenye krosi joint, poda nyekundu, laini,
kama pilipili ya kusaga.
"Kutu. Grisi ilikwisha, chuma kikala chuma."
Alipogonga kikombe kikatoka,
sindano za beringi zikamwagika kiganjani pake,
zimekatikakatika, mchele chenga.

"Lakini kilichoiua si uzee."
Akachovya tambara kwenye dizeli, akafuta shafti.
Chini ya tope la miaka, alama nyeupe.
Akafuta tena. Alama ya pili,
robo duara mbali na mwenzake.
"Hizi zilitakiwa zitazamane.
Angalia: masikio ya mbele yako juu, ya nyuma yako pembeni.
Aliyefunga hapa alikuwa na haraka."

Hale. Miaka minne. Mvua ya vuli.
Magunia tisa ya machungwa ya Muheza yananichungulia,
mteja wa Korogwe anapiga simu kila robo saa,
tochi mdomoni, sili mpya mfukoni,
shafti ikanichomokea vipande viwili
nikairudisha ilivyokubali kuingia.
Ilikubali. Chuma hakibishani;
kinaingia unavyokisukuma,
halafu kinakudai kidogo kidogo.

Matairi manne.
Na yale maneno niliyomtupia Mnyaa mbele ya wateja wake.

"Nani alifunga?" Hakuniangalia, anatafuta spana kumi na nne.
"Mimi."
Spana ikaonekana.
"Basi shika hapa. Zungusha taratibu. Bado.
Bado meno mawili.
Hapo."

Jioni nilipita Pongwe kwa themanini na tano,
maji ya chupani hayana hata kiwimbi.
Nilizima redio nionje huo ukimya.
Na ndani ya ukimya, kwa mbali, kitu chembamba,
kama mbu aliyekosa chandarua.

Nikampigia. "Fundi, linalia."
"Lini?"
"Nikiachia mafuta. Sabini kushuka hamsini. Likishapata moto. Nyuma."
Akacheka, nikasikia nyundo inawekwa chini.
"Hiyo difu. Njoo Jumanne."

Chuda ningeweza kupita njiani.
Nilizunguka kwingine.
Jumanne, nikijaaliwa, nitaanzia kwa Mnyaa.